Kazi ya kwanza ya uhudumu wa afya hospitalini Kigoma: mwongozo kamili kuanzia cheti hadi zamu ya kwanza

Mhudumu wa afya mpya anayepata kazi mapema mkoani Kigoma kwa kawaida huwa na moja kati ya mambo mawili. Ama nyaraka zake zilikuwa tayari siku tangazo la serikali lilipotoka, ama kuna inchaji wa wodi, yaani muuguzi anayeisimamia, aliyelikumbuka jina lake nafasi ilipopatikana. Akiwa na yote mawili, ni bora zaidi. Mwongozo huu unaeleza namna ya kujenga hayo mawili sambamba, kwa sababu kosa linalowagharimu vijana muda mrefu ni kukaa nyumbani Mwanga au Kasulu mjini wakisubiri tangazo moja tu, na likitoka, wanagundua kuwa jina la kwenye cheti cha kuzaliwa halilingani na la NIDA.

Kwanza, lijue jina la kazi yako

Majina ya kada yanachanganya, na kuomba nafasi isiyo yako ni kupoteza nafasi iliyo yako. Kwenye matangazo ya serikali kazi hii huitwa Mhudumu wa Afya. Sifa inayotajwa kwa kawaida ni elimu ya kidato cha nne pamoja na mafunzo ya mwaka mmoja katika fani ya afya kutoka chuo kinachotambuliwa na serikali.

Usiichanganye na hizi tatu. Muuguzi ni mwenye astashahada ya uuguzi na ukunga na leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga. Afisa Muuguzi Msaidizi ni mwenye stashahada na leseni hiyo hiyo. Neno "msaidizi" hapo limewadanganya wengi. Ukiomba nafasi hiyo na cheti cha mwaka mmoja, maombi yako yanaondolewa bila mtu kusoma barua yako. Ya tatu ni Mhudumu wa Afya ngazi ya Jamii, anayefanya kazi kijijini na mtaani, nyumba kwa nyumba, na hupatikana kwa utaratibu mwingine kabisa unaoanzia kwenye kijiji au mtaa wenyewe.

Hospitali za binafsi na za mashirika ya dini hutumia majina huru zaidi: muuguzi msaidizi, mhudumu wa wodi, wakati mwingine "nesi msaidizi". Soma majukumu chini ya tangazo, usiishie kwenye kichwa. Kazi ikihusu kuwaogesha na kuwalisha wagonjwa wasiojiweza, kutandika vitanda, kusafisha na kuandaa vifaa, kupeleka sampuli maabara, kufuata dawa stoo na kusindikiza wagonjwa kwenye vipimo, hiyo ni yako, iite watakavyoiita. Ikihusu kuchoma sindano, kutoa dawa na kuzalisha, si yako. Hospitali inayomtafuta mtu wa mwaka mmoja afanye hayo inatafuta wa kumtupia lawama siku mambo yatakapoharibika.

Jambo la mwisho kabla ya kuendelea: hakikisha chuo chako kimesajiliwa na NACTVET, baraza la taifa linalosimamia vyuo vya ufundi, na kozi uliyosoma imo kwenye usajili huo. Kuna vituo vinavyotoa cheti kizuri cha karatasi nzito chenye muhuri mwekundu, lakini kozi yenyewe haitambuliki. Ukigundua hilo leo, bado unaweza kupanga upya. Ukiligundua mbele ya jopo la usaili, umechelewa.

Nyaraka: mahali ambapo watu wengi huangukia

Tafuta faili moja la plastiki na ukusanye hivi:

Cheti cha kuzaliwa cha RITA. Kitambulisho cha Taifa, au angalau namba ya NIDA yenye tarakimu 20. Cheti chenyewe cha kidato cha nne. Cheti cha mafunzo pamoja na matokeo ya masomo yote. Barua ya chuo au hospitali inayoonyesha ulikofanya mafunzo kwa vitendo na kwa wiki ngapi. Wasifu wa kurasa mbili. Picha za pasi 4 hadi 6. Majina ya wadhamini watatu wenye simu zinazopatikana.

Kuhusu cheti cha kidato cha nne, elewa hili vizuri: hati ya matokeo uliyopewa kwa muda haikubaliki kwenye ajira za serikali. Kama cheti chako bado kiko shuleni, kifuate sasa. Ikiwa shule iko Kibondo na wewe unaishi Ujiji, nauli ya safari hiyo ni ndogo kuliko hasara ya kukosa tangazo. Kama kimepotea, anza na taarifa ya polisi, kisha fuata utaratibu wa NECTA. Hauishi kwa siku mbili, hivyo usisubiri tangazo ndipo uanze.

Sasa majina. Weka cheti cha kuzaliwa, NIDA, cheti cha kidato cha nne na cheti cha chuo mezani kwa mstari mmoja, kisha soma herufi kwa herufi. Amosi na Amos ni majina mawili mbele ya mfumo wa kompyuta. Zuhura na Zuhra vilevile. Kama jina la babu limo kwenye cheti kimoja na halimo kwenye kingine, hiyo nayo ni tofauti. Kosa la NIDA hurekebishwa ofisi ya NIDA ya wilaya. Tofauti iliyoko kwenye vyeti vya shule huhitaji hati ya kubadili jina iliyosajiliwa, na wakili atakuelekeza. Kiapo cha kawaida cha mahakamani mara nyingi hakitoshi siku ya usaili, na hapa ndipo wengi hurudishwa mlangoni wakiwa wameshafaulu mchujo.

Kwa watu wa Kigoma kuna jambo moja zaidi. Mkoa huu uko mpakani, na uhakiki wa uraia kwa wanaoomba kitambulisho unaweza kuchukua muda mrefu kuliko ndugu zako wa mikoa mingine wanavyokusimulia. Kama huna namba ya NIDA, hiyo ndiyo kazi yako ya wiki hii. Nenda na cheti chako cha kuzaliwa, vya wazazi kama vipo, na barua ya serikali ya mtaa au kijiji.

Nakala zote zithibitishwe na wakili. Thibitisha seti tatu kwa mpigo, kwa sababu kurudi kwa wakili kila tangazo ni gharama isiyo na sababu. Kisha skani kila cheti kwa faili la PDF la peke yake, ukiliita jina linaloeleweka: "cheti-kidato-cha-nne", si "IMG-20240611". Picha iliyopigwa kwa simu usiku chini ya taa, yenye kivuli cha mkono, haisomeki. Tafuta steshenari yenye skana.

Mahali pa kuomba ndani ya mkoa

Mkoa una halmashauri nane: Manispaa ya Kigoma Ujiji, Kigoma, Uvinza, Kasulu Mji, Kasulu, Buhigwe, Kibondo na Kakonko. Kila moja ina Mganga Mkuu wake, na chini yake kuna hospitali, vituo vya afya na zahanati. Juu yake iko Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Maweni, pale Kigoma mjini. Hii ndiyo njia ya serikali.

Njia ya pili ni hospitali za mashirika ya dini na za binafsi. Kigoma mjini kuna Hospitali ya Baptist. Kasulu kuna Kabanga, hospitali kongwe ya Kanisa Katoliki. Upande wa Buhigwe kuna Heri ya Waadventista Wasabato. Hospitali kama hizi huajiri zenyewe, kwa bajeti zao, na matangazo yao mengi huishia kwenye ubao wa hospitali na kwenye matangazo ya kanisani Jumapili au Sabato. Huwezi kuyaona ukiwa umelala nyumbani na simu. Mzunguko wa mara moja kwa mwezi kupitia ubao wa kila hospitali unayoweza kuifikia kwa nauli ya kawaida ni kazi ya maana kabisa, hata kama haionekani hivyo.

Njia ya tatu ni mashirika yanayotoa huduma za afya kwa wakimbizi, kama kule Nyarugusu wilayani Kasulu. Mikataba yao ni ya muda, inafuata bajeti ya wafadhili, na wakimbizi wakipungua, nafasi nazo hupungua. Huingii kambini bila kibali, kwa hiyo usipande gari kwenda kugonga mlango. Omba kwa tangazo. Faida ya kazi hizo ni kwamba unafundishwa udhibiti wa maambukizi kwa ukali kuliko mahali pengi, na barua yao ya utumishi huheshimiwa.

Kama uko tayari kwenda ambako wengine hawataki, sema hivyo wazi. Kata za mwambao wa kusini mwa Uvinza, kama Buhingu na Kalya, hufikiwa zaidi kwa boti, na zahanati za huko hupoteza watumishi mara kwa mara. Kijana aliyezaliwa mwambao, anayeogelea na asiyeogopa ziwa, ana kitu ambacho mhitimu wa mjini hana. Vilevile Kiha. Wazee wengi vijijini huko Kasulu, Buhigwe na Kibondo hueleza maumivu yao kwa Kiha, na anayewaelewa ni hazina wodini. Andika kwenye wasifu: "Naongea Kiha na Kiswahili kwa ufasaha."

Kuomba serikalini kupitia Ajira Portal

Ajira za serikali hupita kwenye mfumo wa Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, portal.ajira.go.tz, na kwa nyakati fulani kada za afya za halmashauri hupita kwenye mfumo wa TAMISEMI. Tangazo lenyewe litasema utumie upi. Fungua akaunti yako leo, kabla ya tangazo. Siku za mwisho mtandao huelemewa, na wanaobaki nje ni wale walioanza kujaza saa za mwisho.

Tumia barua pepe unayoijua neno lake la siri, iliyo yako mwenyewe. Usitumie ya steshenari wala ya rafiki. Weka namba ya NIDA, kisha jaza sehemu moja baada ya nyingine: taarifa binafsi, mawasiliano, elimu, uzoefu, wadhamini, viambatisho. Kwenye sehemu ya elimu, chagua ngazi na fani kwa uangalifu mkubwa. Mfumo hulinganisha ulichochagua na kinachotakiwa na tangazo. Ukijiandikia "uuguzi" kwa sababu inasikika vizuri, wakati cheti chako kinasema vingine, umejitoa mwenyewe. Andika kama cheti kinavyosema, neno kwa neno.

Anwani unayoishi sasa ijaze kwa ukweli. Usaili unapofanyika mikoani, mara nyingi kituo hupangwa kwa kufuata anwani hiyo. Aliyejaza Dar es Salaam kwa sababu alikuwa kwa shangazi mwaka jana anaweza kuitwa kusailiwa Dar es Salaam, na safari ya treni au basi kutoka Kigoma si ya kukurupuka.

Barua ya maombi isainiwe kwa mkono, ielekezwe kwa Katibu, Ofisi ya Rais, Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, S.L.P. 2320, Dodoma, kisha ipandishwe pamoja na viambatisho. Barua isiyo na saini ni sababu tosha ya kukuacha. Baada ya kutuma, rudi uangalie kama maombi yameonekana kwenye orodha yako, na uendelee kuangalia akaunti kila wiki, kwani wito wa usaili hautakufuata nyumbani.

Kuomba ni bure tangu mwanzo hadi mwisho. Anayekupigia simu akidai laki mbili "za kukuwekea jina" ni mwizi, hata kama anajua jina lako kamili na chuo ulichosoma. Namba ya bure ya TAKUKURU ni 113.

Kupeleka maombi kwa mkono

Hospitali za dini na binafsi bado zinaheshimu mtu anayekuja mwenyewe, amevaa nadhifu, na bahasha yake mkononi. Nenda kati ya Jumanne na Alhamisi, baada ya saa 4 asubuhi. Kabla ya hapo ni makabidhiano ya zamu na mzunguko wa madaktari, na hakuna atakayekusikiliza. Anzia mapokezi au masjala, uliza ofisi ya utawala, acha barua na uombe waigonge muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako. Kisha uliza kwa heshima kama unaweza kumsalimia Muuguzi Mfawidhi, matroni au patroni. Yeye ndiye anayejua wodi ipi imepungukiwa mtu.

Barua iwe ukurasa mmoja, na sehemu ya katikati iseme ulichokifanya kwa mikono yako. Mfano:

"Nimehitimu mafunzo ya mwaka mmoja ya uhudumu wa afya. Katika wiki 8 za mafunzo kwa vitendo nilifanya kazi wodi ya wanaume na wodi ya wazazi. Nilitandika vitanda, niliogesha na kugeuza wagonjwa wasiojiweza, nilipima joto, mapigo ya moyo na upumuaji na kujaza kwenye chati, nilipeleka sampuli maabara na kuandaa vifaa kwa ajili ya kutakaswa. Niko tayari kwa zamu za usiku na sikukuu, na naweza kuanza kazi ndani ya siku 7."

Linganisha na barua iliyozoeleka: "Mimi ni mchapakazi, mwaminifu, ninayeweza kufanya kazi chini ya shinikizo." Matroni amesoma sentensi hiyo mara nyingi mno na haimwambii chochote. Idadi ya wiki, majina ya wodi na kazi zenyewe ndivyo vinavyomfanya aone mtu.

Rudi baada ya wiki mbili, mara moja, kuuliza. Kisha tena baada ya mwezi. Kwenda kila siku tatu kunakufanya uonekane msumbufu, na kutokurudi kabisa kunafanya barua yako izame chini ya nyingine.

Kujitolea, na mipaka yake

Wengi huanza kwa kujitolea, na njia hii inafanya kazi: unaonekana, unajifunza mahali vitu vilipo, na nafasi ya mkataba ikitokea unajulikana. Lakini fanya kwa masharti. Omba barua yenye tarehe ya kuanza na ya kumaliza, miezi 3 hadi 6. Uliza kuhusu posho ya nauli na chakula, na upewe jibu kabla ya kuanza. Uliza nini kitafanyika ukichomwa na sindano. Hospitali isiyokuwa na jibu la swali hilo la mwisho haijajiandaa kuwa na watu wa kujitolea. Miezi sita ikiisha bila mkataba na bila dalili ya mkataba, chukua barua yako ya utumishi, aga vizuri, uende kwingine. Mtu asikufanye ujitolee miaka miwili kwa neno la "vumilia kidogo".

Kabla ya kuanza popote, hata kwa kujitolea, pata chanjo ya homa ya ini aina ya B. Ni dozi tatu: ya kwanza, ya pili baada ya mwezi mmoja, ya tatu mwezi wa sita. Weka kadi kwenye lile faili.

Usaili: nini kitaulizwa na unajibuje

Serikalini huanza mchujo wa kuandika, kisha mahojiano. Hospitali za binafsi hufanya mahojiano na mara nyingi hukupeleka wodini uonyeshe. Njoo na vyeti halisi pamoja na kitambulisho.

Udhibiti wa maambukizi hauwezi kukosekana. Kagera, mkoa jirani, ulipata mlipuko wa Marburg mwaka 2023 na tena 2025. Ng'ambo ya ziwa ni Kongo yenye historia ndefu ya Ebola, na kipindupindu ni ugonjwa unaojulikana mwambaoni. Msaili wa Kigoma haulizi mambo haya kwa mazoea.

Kunawa mikono: nyakati tano. Kabla ya kumgusa mgonjwa, kabla ya kazi inayohitaji usafi wa hali ya juu, baada ya hatari ya kugusana na majimaji ya mwili, baada ya kumgusa mgonjwa, na baada ya kugusa vitu vinavyomzunguka. Maji na sabuni sekunde 40 hadi 60, kitakasa mikono sekunde 20 hadi 30. Ukiambiwa uonyeshe, vua saa na pete kwanza. Wengi hupoteza alama hapo, na kwa kusahau dole gumba na ncha za vidole.

Kuchanganya klorini ni swali linalopendwa, kwa hiyo lijue kwa kuelewa, usilikariri. Tuseme unataka mchanganyiko wa asilimia 0.5 kwa ajili ya damu iliyomwagika, na chupa ya JIK imeandikwa asilimia 3.5. Gawa 3.5 kwa 0.5, unapata 7. Toa 1, unapata 6. Basi kopo 1 la JIK kwa makopo 6 ya maji, kopo lile lile. Msaili akibadilisha na kusema chupa ni asilimia 5, gawa kwa 0.5, unapata 10, toa 1: kopo 1 kwa 9. Waliokariri "moja kwa sita" hunaswa hapa, na wodini hunaswa vibaya zaidi, kwa sababu chupa za madukani hazilingani. Soma lebo kila mara. Changanya upya kila siku, tumia ndoo ya plastiki yenye mfuniko, andika tarehe na saa ubavuni. Mchanganyiko wa jana uliokaa juani una harufu bado, lakini nguvu imeshapungua.

Na damu yenyewe ikimwagika sakafuni: vaa glavu nzito, zuia watu wasipite, funika kwa kitambaa au pamba, mimina mchanganyiko juu yake, subiri dakika 10, okota kitambaa uweke kwenye taka za maambukizi, kisha osha sakafu kwa maji na sabuni. Usipige deki damu mbichi, maana unaisambaza.

Taka: nyekundu kwa zenye maambukizi makali kama kondo la nyuma na vitu vilivyoloa damu, njano kwa zenye maambukizi, nyeusi au bluu kwa za kawaida. Vyenye ncha kali huingia kwenye sefti boksi, na hufungwa likifika robo tatu. Sindano hairudishiwi kifuniko. Ukichomwa: osha kwa maji na sabuni, usikamue, mwambie inchaji papo hapo, na dawa za kuzuia VVU zianze mapema iwezekanavyo, ndani ya saa 72 kwa vyovyote vile, kisha zinywewe siku 28.

Vipimo vya mtu mzima aliyepumzika: mapigo 60 hadi 100 kwa dakika, upumuaji 12 hadi 20, joto la takriban nyuzi 36 hadi 37. Upumuaji hesabu dakika nzima, ukiwa umeshika kifundo cha mkono kana kwamba bado unahesabu mapigo, kwa sababu mgonjwa akijua anahesabiwa pumzi, anaibadilisha. Kipimo kisichokuwa cha kawaida mpelekee nesi mara moja. Usikiandike tu kwenye chati na kuondoka.

Kumwogesha mgonjwa kitandani huonyeshwa kwa vitendo, na hapo wasaili huangalia ubinadamu wako kuliko kitu kingine. Mwambie mgonjwa unataka kufanya nini na usubiri akubali. Vuta pazia. Funua sehemu moja tu kwa wakati mmoja. Anza na macho bila sabuni, kisha uso, shingo, mikono, kifua, tumbo, miguu, mgongo, na sehemu za siri mwisho, ukibadilisha maji yakichafuka au kupoa. Anayeweza kujiosha mwenyewe sehemu za siri mpe kitambaa. Ukimgeuza, kagua visigino, nyonga, kiuno cha nyuma na kisogo: wekundu usiopotea ukiubonyeza ni mwanzo wa kidonda cha kulalia, na mgonjwa asiyejigeuza anageuzwa kila baada ya saa 2.

Halafu litakuja swali la mtego: "Wagonjwa ni wengi, nesi amekupa sindano iliyojazwa dawa, anasema mchome yule kitanda namba 6. Utafanyaje?" Jibu sahihi ni kwamba hutachoma, kwa kuwa si jukumu lako wala hukufunzwa, lakini hutamwacha nesi peke yake: utamwambia kwa heshima, utamwandalia mgonjwa, na utachukua kazi nyingine ili yeye apate nafasi ya kuchoma. Anayejibu "nitachoma kwa kuwa ni amri ya mkubwa" huonekana mtiifu na hukosa kazi.

Mkataba kabla ya sare

Hospitali ya binafsi au ya dini ikikukubali, omba mkataba wa maandishi. Angalia cheo, mshahara, saa za kazi, muda wa majaribio, na tarehe ya malipo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa za kawaida zisizozidi 45 kwa wiki, malipo ya saa za ziada si chini ya mara moja na nusu, nyongeza ya asilimia 5 kwa kazi ya usiku kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi, na likizo ya mwaka ya siku 28. Mshahara usishuke chini ya kima cha sekta ya afya kwenye Amri ya Kima cha Chini ya wakati huo.

Uliza namba yako ya NSSF mwezi wa kwanza, na mwezi wa pili hakikisha michango imeingia. Makato yakionekana kwenye hati ya mshahara lakini hayapo NSSF, sema mapema. Mgogoro usipotatulika, kuna Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na ukiachishwa isivyo halali una siku 30 tu za kupeleka shauri.

Zamu ya kwanza

Fika dakika 20 kabla. Beba kalamu mbili, daftari dogo la mfukoni, saa yenye mshale wa sekunde na viatu vilivyofungwa visivyoteleza. Kucha fupi. Muulize inchaji mambo manne kabla hajachoka: sefti boksi za akiba ziko wapi, mtungi wa oksijeni na funguo yake viko wapi, nani anaitwa mgonjwa akizidiwa usiku, na wagonjwa gani hawajigeuzi.

Andika majina ya hao wa mwisho kwenye daftari, pamoja na saa ya kuwageuza. Ukifika wakati wa kukabidhi asubuhi, mpitishe anayekupokea kitanda kwa kitanda: nani amekula, nani amekataa, nani amepata haja, ngozi ya nani imeanza kuwa nyekundu, sampuli ipi imepelekwa maabara na majibu hayajarudi. Usikabidhi ukiwa mlangoni na begi begani.